Siku Niliyoposa Nikitafuta Cherehani

Mama yangu amenikataza kuusimulia mkasa huu mbele ya wageni, lakini kwa kuwa Nyamahanga nzima inaujua, na hadi leo nikipita barabarani kule wananiita Mkwe, bora mwusikie kwangu mwenyewe, mcheke nikiwepo.

Mimi ni mtu wa Kirushya, Ngara. Nilikuwa nasafirisha ndizi kwa baiskeli mpaka siku breki zilipokatika mteremkoni, mikungu ikaenda upande wake na mguu wangu ukaenda upande wake. Mguu ulipona vibaya, haukunjiki, na jembe kwa mguu wa namna hiyo ni mateso. Ng'ombe wangu wachache wakauzwa nitibiwe, nikabaki mwanaume mzima ninayelishwa na mama, kazi yangu kufukuza kuku kwenye maharage yaliyoanikwa uani.

Kilichoniokoa ni kikundi cha kina mama wa kijijini. Walipata nafasi za kupeleka watu waliokwama kwenye mafunzo ya ufundi, na mwenyekiti wao, Mama Adela, akaniandikisha ushonaji bila kuniuliza. (Mimi nilitaka kuchomelea vyuma. Akasema, "Kuchomelea ni kusimama, mwanangu, wewe unahitaji kazi ya kukaa.") Darasani nilikuwa mwanaume peke yangu, mwanzoni cherehani ilinikimbia kama mbuzi, lakini tulipomaliza niliweza kushona suruali na mtu akaivaa kanisani bila haya.

Mama Adela hakuniacha hapo, alipiga simu huku na huku mpaka akampata fundi mmoja wa Nyamahanga, wilayani Biharamulo, anayeitwa Mama Shija, anayeshona sare za shule na kutafuta msaidizi. "Nenda Jumamosi," akaniambia. "Ukishuka utaona bati jekundu, na turubai mbele. Usichelewe, kuna mwingine anaitaka hiyo nafasi."

Bodaboda akanishusha, simu imezima, na mbele yangu bati jekundu, turubai, watu tele. Ningeuliza tu! Lakini nilikuwa nimechoka na watu wanaoutazama mguu kabla ya uso na kuanza "pole, ulipatwa na nini?", basi nikaamua kuingia moja kwa moja kama mtu anayejua aendako. Uamuzi huo mdogo ndio uliozaa yote.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba!" Wakanyanyuka, wakanipa kiti cha mbele kabisa, chenye kitambaa. Nikajiuliza, fundi msaidizi anapokelewa hivi? Labda ndio ukarimu wa Wasukuma (wenyeji hao walihamia kutoka upande wa Shinyanga). Mzee mmoja mwenye koti pana kuliko mabega yake akaniuliza, "Kijana, umekuja kwa ajili ya mahali?"

"Ndiyo, mzee, nimekuja kwa ajili ya mahari."

Hapa mnielewe. Sisi Wahangaza wengine l ikifika mdomoni inageuka r, kwa hiyo mimi nilimaanisha mahali, pa kazi. Mzee naye r yake inageuka l, kwa hiyo yeye alimaanisha mahari, ya binti yake. Kila mmoja akasikia alichokitaka, tukatabasamu.

"Mbona peke yako? Wenzako wako wapi?"

"Wenzangu wote wameshapata, mzee. Nimebaki mimi."

Wazee wakatazamana. "Na ng'ombe?"

Nikashangaa, amejuaje habari za ng'ombe wangu? Nikadhani Mama Adela amewasimulia maisha yangu yote. "Niliwauza," nikasema kwa huzuni.

"Wote?"

"Wote. Lakini mikono ninayo, mzee."

Mama mmoja akashika kichwa. Nikazidi kuchanganyikiwa, nikaona labda wanataka kuuona ufundi wenyewe, nikatoa futi mfukoni, nikamwendea mzee nikaanza kumpima mabega huku nikisema, "Hili koti linapwaya, nitalipunguza." Hakuna aliyenizuia (baadaye niliambiwa walidhani ndiyo mila ya Wahangaza).

Ndipo akaletwa binti aliyefunikwa kitenge, wakamfunua. "Unamfahamu huyu?" wakamuuliza. Binti akanitazama toka usoni hadi mguuni, akaangua kilio. "Simjui! Siye!"

Nikaona nimsaidie. "Hata mimi simjui," nikasema, "lakini tukikaa pamoja tutazoeana. Yeye atakata, mimi nitashona."

Kabla binti hajanyamaza, kundi la wanaume waliovaa vizuri likaingia, kijana mmoja katikati yao, na mshenga wao akatangaza kwamba wamekuja kuhusu posa. Akaniona nimemzungushia baba mkwe futi. "Na huyu nani?"

Macho yote kwangu. "Mimi ni... fundi cherehani," nikasema, nikarudi nyuma haraka, mguu usiokunjika ukanasa kwenye kamba, na turubai likatushukia wote, mimi, mshenga na wakwe.

Jamani, chini ya lile turubai nilitamani nisitoke. Nilijua nafasi imekwenda, na kule nyumbani kina mama wananisubiri niwaambie nimeajiriwa.

Mzee ndiye aliyenivuta, akicheka mpaka koti linatikisika. "Mama Shija ni ng'ambo ya barabara, mwanangu. Twende nikupeleke kabla hujaoa na kule."

Tulimkuta yule mwingine aliyeitaka nafasi, dada mmoja mpole, ameshakaa kwenye cherehani. Mama Shija akaniuliza mbona nimechelewa, mimi machozi yananilengalenga. Mzee akamweleza yote. Mama Shija hakucheka hata kidogo. "Alikupima?" akamuuliza. "Alinipima." "Basi vua koti."

Akanionyesha cherehani nyingine, iliyokuwa pembeni. Nilifumua yale mabega nikayashona upya, na mzee akarudi kwenye posa ya binti yake akiwa na koti lililomkaa. Mama Shija akaligeukia dirisha, nadhani hapo ndipo alipocheka, kisha akasema, "Jumatatu mje wote wawili. Sare ni nyingi."

Nashona pale mpaka leo. Ila nimeapa, nikifika ugenini nauliza kwanza hapa ni kwa nani, hata kama nyumba naijua. Wakitaka kuanza na mguu, waanze, watoe pole zao zote, nitazipokea. Pole haijawahi kumwozesha mtu mke wa mwenzake.