Nyayo za Deo Mahameni

Raba iliyolowa umande ina harufu yake, nayo ni nzito kuliko watu wanavyodhani. Ni harufu ya turubai mbichi, gundi na jasho la zamani, na ikichanganyika na moshi wa jikoni hukaa puani mpaka saa za mchana. Mwaka wa vita vya Kagera, nikiwa darasa la tatu, niliamka asubuhi nyingi nikiikuta harufu hiyo ndani ya nyumba yetu, na sikuelewa ilitoka wapi. Mwenye raba hakuwepo. Alikuwa kaka yangu Deogratias, na kaka Deo alikuwa vitani.

Tulikuwa tukiishi katika kijiji cha ujamaa upande wa Kaniha, nyumba zimepangwa mistari miwili kama madawati ya shule. Tulihamishiwa hapo miaka michache kabla ya vita. Kwetu pa zamani palikuwa mwendo wa saa moja msituni, na tulipoondoka tuliacha migomba, kisima kidogo na kaburi la Baba. Paa liliondolewa ili tusishawishike kurudi. Watu walipaita mahame, na kwenda huko kulima lilikuwa jambo lililokatazwa. Migomba haikujua katazo hilo, ikaendelea kuzaa. Ndizi ziliivia mtini zikaanguka zenyewe, na ukipita karibu mchana uliweza kusikia mkungu ukidondoka, puu, mahali pasipo na mtu. Sisi watoto tuliokota kuni pembezoni tu. Kuta zile zisizo na paa zilitutazama kwa madirisha yake, na hakuna aliyependa kuzipa mgongo.

Deo ndiye aliyeleta raba zile, akitoka kusoma sekondari Mwanza. Mwalimu mgeni aliyewafundisha mpira wa kikapu alimwachia siku alipoondoka nchini. Zilikuwa za shingo ndefu, zinapanda mpaka juu ya kifundo cha mguu, na matundu ya kamba yalikuwa mengi hivi kwamba kuzifunga tu ilikuwa kazi. Deo aliijua historia ya raba hizo kama wengine wanavyojua ukoo wao. Alituambia kwamba mwanzoni kabisa zilikuwa za kahawia, turubai tupu juu ya soli ya mpira. Wachezaji wakalalamika kwamba vifundo vinaumia, ndipo kikaongezwa kile kiraka cha duara upande wa ndani. Baadaye zikaja nyeupe za mashindano, kisha za shingo fupi, kisha za rangi. Za kwake zilikuwa nyeupe, lakini udongo wetu mwekundu ulizimaliza weupe ndani ya msimu mmoja, akazipaka unga mweusi wa betri za redio. Kamba zilipokatika alitia uzi wa katani. Aligongomelea pete ya pipa kwenye mti wa uwanja wa shule, na jioni tulikuwa tukimtazama akiruka. Alipotua aliacha mavumbini alama ambayo hakuna kiatu kingine kijijini kilichoiacha: vidirisha vidogo vilivyopangana kama sega la asali. Soli ya kulia ilikuwa na mkato wa mshazari, maana aliwahi kuikanyagia jembe. Alama ile ningeitambua popote.

Vita vilipoanza, malori ya wanajeshi yalipita barabara kuu kuelekea Bukoba mpaka vumbi likawa halitui. Vijana waliitwa Biharamulo mjini, kwenye boma la Mjerumani, na Deo akaenda pamoja nao. Alivaa ndala siku hiyo, akasema jeshi lina buti zake. Raba zikabaki kwenye sanduku la bati chini ya kitanda cha Mama. Ilikuja barua moja, nayo haikusema mengi. Baada ya hapo kimya. Mama hakulia mbele yetu. Alipungua maneno tu, siku hadi siku, mpaka nyumba ikawa na sauti ya sufuria peke yake.

Asubuhi moja ya mvua za kwanza nilikwenda kuokota uyoga na rafiki yangu Yustina. Tulifuata vichuguu bila kuangalia tunakoelekea, tukajikuta kwenye njia ya mahame yetu. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migomba. Yustina aliinama kuchuma, akabaki ameinama.

"Leokadia," akanong'ona, "njoo uone."

Kwenye tope kulikuwa na unyayo. Vidirisha vya sega la asali, na katika mguu wa kulia mkato wa mshazari. Ulikuwa mpya, maji yalikuwa bado yakijikusanya kisiginoni. Mbele yake kulikuwa na mwingine, na mwingine. Tulizifuata, sijui kwa nini; nadhani miguu yangu ilitaka kumwona kaka kuliko kichwa kilivyoogopa. Hatua zilikuwa fupi, si za Deo aliyetembea kama anavuka mto, na ncha za vidole zilikuwa zikiburuza, kama za mtu aliyechoka sana. Ziliingia katika nyumba isiyo na paa, zikasimama pale palipokuwa na mafiga, zikatoka, zikaenda mpaka kaburini kwa Baba. Kaburi lilikuwa limefagiwa. Hapakuwa na jani hata moja juu yake, wakati pande zote majani yamerundikana. Nyayo zililizunguka, kisha zikapotea kwenye nyasi. Mkungu ukaanguka mahali fulani nyuma yetu. Tulikimbia, na kikapu cha uyoga nikakiacha huko huko.

Yustina hakuweza kufunga mdomo, na simlaumu. Kufikia jioni kijiji kilikuwa kimegawanyika. Wengine walisema Deo amekufa vitani na sasa amerudi kumtafuta baba yake. Wengine walisema hakufa wala nini, ametoroka jeshini na amejificha mahame. Watoto waliacha kukaa karibu nami darasani. Na kila nilipoamka alfajiri, harufu ile ilikuwa ndani ya nyumba. Siku moja, Mama alipokwenda kisimani, nililifungua sanduku. Raba zilikuwemo, zimelowa chapachapa, mbegu za nyasi zimenasa kwenye kamba. Nilifunga haraka mpaka kifuniko kikanibana kidole. Sikuwaza jingine ila kwamba kaka yangu marehemu huja kuzivaa, na akimaliza huzirudisha akiwa anapita kando ya mkeka wangu.

Balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Sebastiani, alikuja mchana na mgambo wawili. Alikuwa mtu mpole, na r na l zilimchanganya kama zilivyowachanganya wengi wetu kijijini, lakini siku ile hakuna aliyecheka.

"Mama Deo," akasema, "mwanao ametoloka?"

"Sijui, mzee."

"Kama yupo, mwambie ajitokeze. Tutampeleka bomani taratibu. Tukimkamata sisi, itakuwa mambo mengine."

"Nimesikia," Mama akajibu, akaendelea kuchambua maharage. Hilo ndilo lililoniogofya, kwamba alikuwa kama mtu anayejua.

Siku ya pili shuleni Yustina alinisogelea kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima. Baba yake alikuwa mmoja wa wale mgambo. "Kesho alfajiri wanakwenda kumvizia," akaniambia. "Baba amenoa mishale. Anasema mtoro akikimbia ni halali." Nilitaka kumwambia Mama jioni ile, lakini niliogopa kwamba nikitamka jina la Deo atakuja kweli. Nikanyamaza. Kosa hilo nalijua kuwa ni langu.

Kulipoanza kupambazuka niliamka, nikanyoosha mkono. Kitanda cha Mama kilikuwa kitupu na sanduku lilikuwa wazi. Nilitoka mbio peku, nikapita uwanja wa shule, nikaingia msituni. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba miti ilinitokea mmoja mmoja. Nilipofika mahame nilimwona. Alikuwa amesimama kaburini, amenipa mgongo, amevaa koti la kaki la Deo na kichwa kimefunikwa. Miguuni, zile raba. Na upande wa pili wa migomba nikaona mtu akinyanyuka taratibu na upinde.

"Kaka!" nilipiga kelele. "Kaka Deo, kimbia!"

Sina hakika kama nimewahi kutamka neno baya zaidi ya hilo maishani. Baba Yustina alipolisikia jina akavuta upinde. Mzee Sebastiani, aliyekuwa amechutama pembeni yake, alimpiga mkono, na mshale ukapita ukazama kwenye mgomba hatua moja kutoka kaburini, ukabaki ukitikisika huku maji ya mgomba yakitiririka. Yule mtu akageuka. Kitambaa kikamwanguka kichwani.

"Shikamoo, mzee," akasema Mama.

"Marahaba," Mzee Sebastiani akajibu, kwa mazoea tu, na nikaona midomo yake imekauka.

Mama alikaa chini juu ya udongo, akavua raba moja, akatoa matambara aliyokuwa ameyasokomeza mbele ili imkae. Akaeleza kwa sauti ileile ya kuchambua maharage. Deo ndiye aliyekuwa akija kulifagia kaburi kila wiki kwa siri, tangu tuhamishwe. Siku ya kuondoka alimwambia asiiache njia izibe, na kwa kuwa kulikuwa na nyoka na miiba, avae raba zake, shingo zake ni ndefu, zitamkinga. Basi akazivaa. Hakulima chochote.

"Na tuliposema ametoloka, ulishindwaje kusema?" balozi akauliza.

Mama aliiweka raba magotini. "Nilipenda mseme ametoroka," akasema. "Mtoro yuko hai."

Baba Yustina aliweka upinde chini, akageukia migomba, mabega yake yakawa yanacheza. Mwishowe Mzee Sebastiani akavua kofia. "Mimi nimeona mjane kabulini kwa mumewe," akasema. "Shamba sijaliona." Akachukua panga la mgambo, akaanza kufyeka njia mwenyewe kuelekea kijijini, na sisi tukamfuata.

Deo alirudi baada ya vita, wakati wa mahindi mabichi. Alitokea barabarani mchana kweupe, amekonda, na watu wote waliokuwa nje walimtazama miguuni kwanza. Alikuwa na buti za jeshi. Watoto wadogo walikimbia. Mama alimshika mkono, akauminya kidole baada ya kidole, ndipo akaachia kilio alichokuwa amekificha miezi yote ile. Raba hakuzivaa tena. Zilikuwa zimeshika umbo la mguu wa Mama. Mama alizivaa hadi soli ikatoboka, kisha fundi akakata shingo zake zikawa viatu vya kulimia.

Leo naishi Biharamulo mjini. Sokoni viatu vile viko vya kila namna: vyekundu, vya maua, vyenye soli nene kama matofali. Wajukuu zangu huvivaa kwenye harusi, na nilipowaambia vilitengenezwa kwa mpira wa kikapu walidhani natania. Mahame yetu yamekuwa mashamba ya wafugaji waliotoka Shinyanga, watu wema, wameliacha kaburi na kulizungushia mawe. Hakuna anayeogopa kupita pale. Kaka Deo ni mzee sasa, anakaa ng'ambo ya hospitali, na sijawahi kumwambia kwamba jina lake nililolitamka mimi nusura limuue mama yetu. Tunapigiana simu kila asubuhi. Isipopatikana, watoto huniambia ningoje, ni mtandao tu, au chaji imekwisha. Najua wanasema kweli. Lakini kungoja habari za mtu ni jambo ambalo sikulijifunza vizuri, kwa hiyo huchukua fimbo yangu nikaenda. Humkuta mlangoni anakunywa uji. Huniuliza kuna nini, namwambia hakuna, kisha nakaa karibu yake mpaka jua liwe kali.