Hedwiga na kompyuta iliyoshindwa na joto la Same

Saa nane mchana, jua limewaka juu ya bati la chumba kidogo karibu na stendi ya Same. Ndani, Hedwiga Mrutu ameegemea meza akitazama namba mbili kwenye skrini ya kompyuta. Moja ni asilimia ya video iliyokwisha kutengenezwa. Nyingine ni joto la prosesa. Ya pili ikipanda kidogo, anavuta pumzi.

“Miezi minane niliiangalia namba hii kama mtu anayeuguza,” anasema. “Mpaka leo siiamini.”

Hedwiga, mwenye miaka 43, hupiga video za misiba. Hupanda milimani na kamera, akarekodi ibada, wasifu wa marehemu na mazishi, kisha akarudi mjini kuhariri. Kwa mwezi hupata misiba mitano au sita. Kinachomchosha, anasema, ni kusikiliza kilio kilekile mara kumi ili apate mahali pa kukata.

Kompyuta yake ya mezani aliinunua ikiwa imetumika. Prosesa ina nguvu, lakini feni iliyokuja nayo ni ndogo. Joto la Same lilipoanza kuzidi mwezi wa kumi, video ilikuwa ikifika asilimia sitini tu, mashine inazima. Fundi wake, Iddi, aliipuliza vumbi na kubadilisha pesti inayopakwa kati ya prosesa na kipoza joto chake. Ilitulia wiki moja, ikarudia.

Ndipo ukatokea msiba wa Chome, kijiji cha milimani. Aliyefariki alikuwa mama yake Irine, binti anayefanya kazi za ndani Muscat. Mwajiri hakumpa ruhusa, akashindwa kuja kuzika. Alimwomba Hedwiga video nzima, bila kukata kitu.

Ilikuwa na urefu wa saa nne. Mashine ilizima mara saba. Kila baada ya siku mbili Irine alituma ujumbe kuuliza kama iko tayari.

“Angenigombeza ningepata nafuu,” anasema Hedwiga. “Alikuwa ananiandikia, pole na kazi, dada.”

Siku ya kumi na moja aliifunga kompyuta kwenye blanketi, akapanda gari la Chome akiwa ameipakata njia nzima. Huko anaishi mama yake mzazi, Blandina, na nyumbani kwake kuna umeme na baridi. Aliiweka mashine karibu na dirisha lililo wazi. Mama yake akamuuliza inaumwa nini, naye akamjibu kwamba ina homa. Kabla ya chakula cha jioni video ilikuwa imekamilika.

Irine aliitazama kwa siku tatu, kipande kwa kipande, kila alipopata nafasi. Kisha akapiga simu kusema kwamba sasa ameamini mama yake hayupo.

Hedwiga alipanda na mashine mara mbili zaidi. Mgongo ukakataa. Akamwambia Iddi watafute kipoza joto kingine.

Iddi alianza na kile kikubwa kuliko vyote, chenye urefu wa sentimeta kumi na sita. Hedwiga akapima kwa rula kutoka kwenye prosesa hadi mfuniko wa ubavuni: kumi na nne. Iddi akashauri mfuniko ubaki wazi. Hedwiga akakataa, maana vumbi la Same huingia hata madirisha yakifungwa. Cha pili kilikuwa cha kuzungusha maji. Akauliza kikivuja itakuwaje, na kipuri kitatoka wapi. Iddi akakiri kwamba itabidi kuagiza Dar es Salaam na kusubiri.

Wakakubaliana kwenye cha sentimeta kumi na tatu, chenye mirija minne ya shaba na feni moja. Kabla ya kuagiza alimtaka Iddi ahakikishe mara mbili kwamba vishikizo vyake vinaingia kwenye ubao wa mashine ile.

“Sikutaka kizuri kuliko vyote,” anasema. “Nilitaka kinachoenea, na kikiharibika Iddi akiweze.”

Kilifika kwa basi. Zamani joto likifika nyuzi 98 mashine ilizima. Mchana huu namba imesimama kwenye 76. Hedwiga hashangilii. Kazi haijapungua, anasema, ila zamani alikuwa anaisubiri mashine, sasa mashine inamsubiri yeye.

Kuna jambo analotaka kulifanya. Kwa miaka kumi na miwili watu wamempigia simu mtu akishafariki, na mara nyingi familia humuuliza kama ana hata kipande kidogo cha marehemu akiongea. Huwa hana. Sasa ameanza kutangaza kwamba atarekodi wazee wakiwa hai, kwa lugha zao. Wengi wanaona ni uchuro. Aliyekubali ni mmoja, mzee Hezroni wa Msangeni, mwenye miaka 88, na kazi ni Jumamosi.

“Alinipigia mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza kama ni lazima avae suti,” anasema Hedwiga. “Nikamwambia hapana, mzee, vaa unavyokaa nyumbani. Suti naziona kila wiki.”