Chuma cha Shangazi Hakiazimwi

Watu wakiniuliza mtaji wangu wa kwanza niliupata wapi, huwa nawajibu kwamba niliucheza ngoma. Wanacheka, wanadhani natania. Haya, chekeni, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwetu Msimbu, miaka ile tulipokuwa tumehamishiwa kando ya barabara na nyumba zimepangwa mstari kama watoto wa shule. Msimu wa korosho wakulima walikuwa wanakuja na magunia yao kupima kwenye ghala la kijiji. Wanakaa kutwa nzima wanasubiri, njaa inawauma, na hakuna mtu wa kuwauzia hata kitu cha kutafuna. Nikasema moyoni, hawa nitawauzia vitumbua. Mchele tulikuwa nao wa shamba letu, nazi zimejaa uani kwa bibi yangu mzaa mama, kuni ni za kuokota tu. Kilichokosekana ni sukari kidogo, na chuma chenyewe, kile chenye vishimo saba vya kuchomea.

Sasa nitakopa wapi? Benki ilikuwa mjini, na haikuwa ya watoto. Duka la kijiji lilikuwa na chumvi, viberiti na muuzaji anayesinzia. Nilipomwomba aniletee chuma cha vitumbua nimlipe kidogo kidogo, alifungua jicho moja akasema, "Mwanangu, hata sabuni hamna humu, wewe unaniuliza chuma?"

Kijiji kizima chuma kilikuwa kimoja, nacho kilikuwa cha shangazi, dada mkubwa wa baba. Zamani aliolewa Maili Moja, na mumewe alipofariki aliwalea wanawe kwa vitumbua, akiwauzia abiria wa mabasi ya Morogoro. Wanawe walipokua akarudi Msimbu na chuma chake, akakitundika ukutani juu ya kitanda, kikakaa pale kikila vumbi. Kilikuwa kimevunjika sikio moja. Mara moja tu katika maisha yake alimwazima jirani, na hivyo ndivyo kilivyorudi. Tangu siku hiyo, ole wako ukikiomba.

Mimi nikaenda nikapiga magoti.

"Shikamoo, shangazi. Naomba uniazime chuma, nikiuza nitakuletea fungu lako."

"Marahaba. Siazimi."

"Hata siku moja tu?"

"Nikifa mtanizika nacho. Haya, nipishe nikaswali."

Nililia njia nzima, tena kilio cha hasira. Nilikuwa mkaidi tangu tumboni, mama yangu alikuwa anasema hivyo kwa kila mgeni.

Haukupita muda nikawekwa ndani. Kwetu msichana akishavunja ungo hukaa ndani, haonekani na wanaume, anafundwa adabu na kazi na bibi zake, mpaka siku atakapotolewa nje kwa ngoma. Nilikaa chumbani kwa bibi nikisuka ukili wa mikeka mpaka vidole vikaota sugu, na wimbo wangu ulikuwa ule ule asubuhi na jioni: chuma, chuma, chuma.

"We mtoto una nini?" bibi akafoka. "Wenzako ndani wanaota kanga, wewe unaota chuma!"

Lakini ni yeye huyo huyo aliyenifundisha. Siku ya kutoka, alisema, mwali hasemi, hacheki, wala hainui uso mpaka atunzwe, na kila anayempenda huja na chochote alicho nacho.

"Na mwali asiporidhika?"

Bibi akanitazama sana. "Basi hainui uso, na ngoma haiishi."

Nami nikarudia ukili wangu.

Siku ikafika. Nikapakwa mafuta, nikavishwa shanga na kanga mpya, mjomba akanipandisha mabegani kama ilivyo desturi. Loo, ngoma ilikuwa tamu ile! Vigelegele vilisikika mpaka kijiji cha pili. Nikawa nacheza kwa mabega na mikono, uso chini. Mama akanitunza doti ya kanga. Uso chini. Baba, mtu mgumu wa mfuko, akatoa noti, watu wakashangilia. Uso chini. Wengine wakanirushia sarafu, bibi akaziokota. Hiyo sukari hiyo, nikawaza. Lakini uso, chini.

Ngoma ikazunguka, ikazunguka tena. Mjomba jasho likawa linamchuruzika.

"Jamani, mwali huyu mmemlisha mawe? Mpeni anachotaka, mabega yananikatika!"

"Anataka cherehani!" mmoja akapiga kelele.

"Anataka mume!" mwingine akasema, wakaangua kicheko.

Mdomo sikuwa nao, lakini mikono nilikuwa nayo. Nikachota uji wa mchele hewani. Nikamimina, kishimo baada ya kishimo. Nikashika njiti ya baiskeli isiyokuwepo, nikageuza kimoja kimoja, nikaopoa. Wanawake wakaelewa mara moja, wakapasuka kwa kicheko. Mpiga ngoma akaudaka mwendo wa mkono wangu, kila nikigeuza naye anapiga. Kisha nyuso zote zikageuka upande mmoja, alikosimama shangazi amefunga mikono kifuani.

Shangazi akageuka, akaondoka.

Ngoma ikafifia. Nikamwona mama ameshika kichwa. Mimi moyo ulinipasuka, kwa maana nilikuwa nimemwaibisha dada wa baba mbele ya kijiji kizima, na chuma ndiyo basi tena. Nilitamani nishuke nikimbilie chumbani kwa bibi.

Mara watu wakapisha njia. Shangazi alikuwa amerudi, amebeba kitu ndani ya kanga.

"Kuazima siazimi, mnanijua!" akasema kwa sauti. "Lakini mwali wangu namtunza."

Akafunua. Chuma kilikuwa cheusi tii, kinang'aa mafuta ya nazi, hakina hata chembe ya vumbi. Akajinyoosha akakiweka kichwani pangu. Mjomba akapiga yowe la uzito. Nami nikainua uso, nikacheka kwa sauti, mwali mzima, meno yote nje, na bibi akajifanya hajaona.

Vitumbua vyangu vya kwanza pale ghalani viliungua chini. Shangazi alikaa kando yangu akinifokea, "Geuza! Unalala?" Kile cha kwanza alikinunua yeye, na hakukubali kupewa bure. Kutoka pale ghalani nilifika mpaka mgahawa wangu mwenyewe, Maili Moja, kando ya barabara ile ile aliyouzia yeye. Jambo moja tu lilinikaa kichwani: muda aliokwenda na kurudi siku ile usingetosha hata kukifuta kile chuma. Nilimuuliza mara nyingi alikipaka mafuta saa ngapi, akawa ananiambia ninyamaze nigeuze vitumbua.

Juzi mjukuu wangu wa kike alikuja akapiga magoti, anataka kuanza biashara, anaomba nimwazime chuma cha shangazi. Nikamwambia siazimi, nikifa watanizika nacho. Akaondoka amenuna, machozi yanamlengalenga. Alipofika barabarani tu, nikakishusha ukutani, nikaenda kutafuta mafuta ya nazi.