Gauni Lililokwenda Makwapani

Siku ile barazani Voi tulikuwa wanne: mimi kwenye cherehani, mdogo wangu wa kike akitia vifungo, mke wa mwenye duka aliyetukodishia baraza, na mwenyekiti wa kwaya moja ya Ronge, kule milimani, aliyeshuka kuchukua sare za tamasha.

Sare zao za mwaka uliotangulia zilikuwa pamba nzito. Nilikuwa nimemwambia nizifumue, nizigeuze ndani nje, kwani upande wa ndani haukuwa umepauka. Alinitazama kama niliyemtemea mate. Alitaka satini ya kung'aa, ya bei ya chini, kwa wiki moja. Miaka ile ya tisini wateja wangu wote walikuwa hivyo: walichagua kitambaa kwa macho, vidole wameviacha nyumbani.

Mwenyekiti akavaa yake, akainua mikono kama anayeimba. Makwapa yote mawili yakaachia.

"Fundi, umeniharibia!"

"Mshono umeshika, mama. Nyuzi za kitambaa ndizo zimechomoka."

"Kitambaa nilichagua mwenyewe!"

"Ndiyo shida yenyewe," mke wa mwenye duka akasema, macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Hicho, mwanangu, hata chai hakichuji. Majani yote yatapita."

Mdogo wangu akacheka. Mwenyekiti hakucheka. Alitaka sare zote kumi na mbili zitiwe pamba makwapani kufikia kesho, bila senti ya kuongeza, la sivyo kazi za kwaya ziende kwa fundi mwingine. Kazi hizo ndizo zilizotulisha tangu wazazi wafariki nami nikaacha shule darasa la saba.

"Zile za zamani ziko wapi, nikate humo?"

"Tunapigia deki kanisani."

Pesa ya kununua pamba sikuwa nayo; pamba pekee iliyokuwapo ilikuwa gauni la mdogo wangu, nililomshonea kwa kugeuza gauni la marehemu mama. Alikuwa amelivaa Jumapili mbili tu.

"Dada, hilo ni langu."

"Najua. Lete mkasi. Nitakulipa jingine."

Akauleta.

Kwaya iliimba, ikapigiwa makofi. Mwaka uliofuata mwenyekiti alirudi kuulizia rangi mpya, nikampima kifua huku nikimdharau, na pesa yake nikala. Mdogo wangu sasa ana watoto. Nimemshonea nguo nyingi, anazivaa, anashukuru. Hakuna hata moja iliyowahi kuvaliwa na mama. Lile bado ananidai.