Mwito wa Tatu Umefutwa

Mama Kipaza hakuwa mtu wa kutulia kitini. Ukimwona ameketi, ujue ama anavaa viatu ama anavivua. Na kazi yenyewe aliyopewa, jamani, ilikuwa ya kukaa: kibanda cha vioo juu ya madirisha ya tiketi, meza moja, feni yenye kelele, na kipaza sauti alichokifunga kitambaa kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hajui mate ya nani yamo mle ndani. Kutoka pale juu aliiona stendi nzima, basi kwa basi, akatangaza safari za mji ule miaka na miaka mpaka watu wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Mumewe alipokwenda kuoa kwingine, wenye midomo yao walisema ni ile sauti ndiyo iliyomfukuza. Porojo tupu. Yule bwana alikuwa na miguu myepesi tangu ujana wake.

Sasa, ili uelewe yaliyotokea, ujue kwanza utaratibu wa stendi ile. Basi lilitangazwa mara tatu. Mwito wa kwanza, Mama Kipaza alisema, "Basi linaondoka sasa hivi, abiria wote mpande," na hakuna aliyeinua hata kope. Dereva mwenyewe alikuwa bado anapuliza chai. Mwito wa pili, watu waliagana, dereva akaenda kunawa uso. Mwito wa tatu ndio uliokuwa wa kweli, na hapo ungeona watu wazima na heshima zao wakitimka na mabegi kichwani. Wageni waliopanda kwenye mwito wa kwanza walikaa mle ndani wakiiva kwa joto, wenyeji wakiwachungulia dirishani na kucheka. Mtoto wa mji ule alijua kuwa mwito wa kwanza ni uongo kabla hajajua kufunga kamba za viatu.

Na nani angeujua uongo huo kumshinda binti wa mtangazaji? Mama yake alimwita Sisimizi, kwa kuwa alipokuwa mchanga hakutulia mgongoni hata kidogo. Alikulia mle kibandani, akilala chini ya meza juu ya kanga, miguu ya mama yake ikipita huku na huku karibu na kichwa chake. Hata nyumbani utani wao ulikuwa huohuo. Mama akiita kwamba chakula tayari, binti hujibu, "Huo mwito wa ngapi, mama?" kisha anaendelea na mambo yake mpaka aitwe mara ya tatu. Walikuwa wawili tu katika vyumba viwili, na walichekeana hivyo kila siku ya Mungu.

Basi akaja meneja mpya. Kijana mnyoofu, shati limechomekewa, macho hayabanduki kwenye saa ya mkononi. Siku hiyohiyo wapiga debe wakampa jina la Bwana Dakika. Jumatatu akawakusanya wafanyakazi wote nyuma ya ofisi, akasema mambo ya kuitana mara tatu kama kuku yamekwisha. Jumamosi kutakuwa na mashindano ya baiskeli mjini, barabara kubwa itafungwa, na mabasi ya asubuhi lazima yatoke kabla ya hapo. Kwa hiyo kuanzia Jumamosi, mwito ni mmoja. Ukishatolewa, mlango unafungwa, basi linaondoka.

"Abiria je, hatuwatangazii mapema?" aliuliza muuza chai, ambaye hakuwa hata mfanyakazi, alipita tu na birika lake.

"Wataelewa wakiachwa," alisema Bwana Dakika. Kisha akamgeukia Mama Kipaza kwa adabu zote. "Na wewe, mama yangu, tafadhali. Atakayerudia mwito, itabidi atafute kibanda kingine."

Mama Kipaza aliitikia kwa kichwa. Lakini moyo ulimlipuka pa! Maana Jumamosi hiyohiyo ndiyo siku ya safari ya Sisimizi.

Binti alikuwa amepata nafasi katika chuo cha kupima ardhi, mbali, mji mwingine kabisa. Mwaka uliotangulia aliikosa nafasi hiyo, akalia mpaka macho yakavimba. Safari hii akaipata. Sharti lilikuwa moja: aripoti siku ile, kabla ofisi haijafungwa. Asiyefika, nafasi yake anapewa anayemfuata, na hakuna kubembelezana. Na basi la kumfikisha kwa wakati lilikuwa moja tu, lile la asubuhi.

Jumatatu jioni Mama Kipaza alirudi nyumbani na neno mdomoni. Nitamwambia akishakula, alijisemea. Akishakula, akaona amwache apumzike. Jumanne akalishusha kabati la vyombo, akaliosha, akalirudisha palepale. Jumatano akafua mapazia ambayo hayakuwa na hata alama ya vumbi. Usiku anageuka, anaamka, anakunywa maji, anarudi kulala, anaamka tena. Mchana kule kibandani alizunguka meza mpaka wakata tiketi wa chini wakagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

"Mama," Sisimizi alimwambia ile Jumatano, akiwa anakunja nguo zake kitandani. "Nikuulize kitu. Wewe unafurahi mimi kwenda?"

"Zile sketi umezipiga pasi?" alijibu Mama Kipaza.

"Nimekuuliza, mama."

"Na mimi nimekuuliza. Au unataka wakuone umekunjamana kama tambi?"

Hebu niambie, mtu anaulizwa hivi, anajibu vile! Binti akaendelea kukunja. Mama akatoka uani kufagia mahali palipofagiwa asubuhi.

Mimi sitamsingizia kwamba alisahau. Neno likikukaba koo wiki nzima huwezi kusema umelisahau. Alikuwa anaogopa, basi. Aliogopa vile vyumba viwili, aliogopa jioni, aliogopa kuita chakula tayari na asiwepo wa kumuuliza mwito wa ngapi. Hakupanga ubaya, hapana. Aliacha tu mambo yajiendee yenyewe, akawa anajifanya haoni yanakoelekea.

Jumamosi walitoka pamoja, wamelishika sanduku kila mmoja upande wake, maana gurudumu moja lilikuwa limeng'oka. Njiani hawakusema la maana. Kwenye stendi, Mama Kipaza alimtafutia binti yake benchi karibu na basi, akamfuta kitu kisichokuwepo shavuni, akageuka kuelekea ngazi.

"Mama," Sisimizi aliita. "Tutaagana kwenye mwito wa pili, si ndiyo?"

Hapo, jamani! Hapo palikuwa pa kusema. Mlango umefunguliwa wazi, anayetaka kuingia aingie.

"Eeh," alisema Mama Kipaza. "Wa pili."

Binti alimtazama kidogo. Kisha akakaa kwenye benchi, sanduku katikati ya magoti.

Kule juu Mama Kipaza alivua viatu, akavivaa, akavivua. Alizima feni, akaiwasha. Chini, Bwana Dakika alikuwa amesimama mbele ya basi kama mlingoti, mkono umeinuliwa, macho kwenye saa. Dereva alikuwa kwenye usukani wake, jambo ambalo stendi ile haikuwahi kuliona, na injini ilikuwa inanguruma. Bwana Dakika akashusha mkono. Mama Kipaza akabonyeza kitufe.

"Basi linaondoka sasa hivi. Abiria wote mpande."

Sauti haikutetemeka. Kazi ni kazi. Wageni wakapanda. Wenyeji wakaendelea na chai zao. Wazee wawili waliokuwa na tiketi mifukoni hata hawakukatiza mazungumzo. Na Sisimizi hakuinuka.

Mlango wa basi ukafungwa. Likaanza kurudi nyuma taratibu. Mwakani, Mama Kipaza alijiambia. Ataomba tena mwakani. Mwakani si mbali. Leo nitanunua kitu kizuri, tutapika, atalia kidogo, nitambembeleza. Na ukweli usemwe: alisikia furaha. Ilimpanda kutoka tumboni, furaha ya mwizi aliyekuta mlango haukufungwa. Basi likageuka, likaelekeza uso getini.

Akamtazama binti yake. Alitarajia kumkuta yuko na simu yake, hana habari. Lakini Sisimizi hakuwa na simu mkononi, wala hakuwa akilitazama basi. Alikuwa amelikumbatia sanduku, uso ameuinua juu, macho yake kwenye kioo cha kibanda. Alikuwa akimtazama mama yake tu, midomo imekaza, kama mtoto anayengoja sindano.

Ile furaha ikageuka shubiri palepale. Mama Kipaza akakamata kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Sisimizi! Wee Sisimizi! Inuka! Hakuna mwito wa pili, hakuna wa tatu, imefutwa yote! Ndilo linaondoka hilo! Kimbia mwanangu, mama yako mwongo!"

Stendi ikalipuka. Wapiga debe walishika mbavu. Wale wazee wawili waliruka na vikombe vyao mkononi, mmoja akakimbilia basi lisilo lake. Sisimizi alikuwa ameshainuka kabla mama hajamaliza sentensi, anaburuta sanduku la gurudumu moja, na basi lilikuwa limeshatoka getini.

Mama Kipaza alishuka ngazi bila viatu.

"Mama, kibanda!" alipiga kelele Bwana Dakika. "Unaacha kibanda!"

"Kaa nacho!"

Alimfikia binti getini, akadaka mkono wa pili wa sanduku, wakatimua mbio barabarani. Mbele, kwenye mzunguko, Mungu si Athumani, polisi wa barabarani alikuwa ameyasimamisha magari yote ili waendesha baiskeli, walioanza mapema kuliko ilivyopangwa, wapite, na basi lao lilikuwa limekwama pale pamoja na mengine. Watu waliojaa kando kushangilia mashindano wakaanza kuwashangilia na wao. Mmoja akapaza sauti, "Mama yupo wa tatu! Kaza, mama, kaza!"

"Sisimizi, ngoja nikwambie," alisema Mama Kipaza, anahema kama mgonjwa. "Hapana, usingoje, kimbia, nitakwambia hivihivi. Nilijua tangu Jumatatu. Nilijua ni mwito mmoja. Sikusahau. Sikutaka uende."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Muuza chai aliniambia Jumanne. Pale stendi habari ilishaenea kwa wote wenye kazi zao, mama. Wewe peke yako ulidhani ni siri."

Mama Kipaza alisimama katikati ya barabara. Sanduku likamvuta mkono, binti naye akasimama.

"Sasa mbona ulikaa? Basi liko mbele yako, tiketi unayo. Mbona hukupanda?"

Sisimizi alifuta jasho kwa bega. Machozi yalikuwa yameshaanza kumtoka, wala hakujisumbua nayo.

"Nilikuuliza, ukaniambia habari za sketi. Wiki nzima nilikuwa nasubiri useme, mama. Niende, nisiende, chochote. Hukusema. Nikaona nikae pale mpaka nisikie mwenyewe."

"Na kama nisingekuita?"

"Ningerudi nyumbani," alisema Sisimizi. "Ningepika, ningekungoja utoke kazini. Tungekula. Na wala nisingekuuliza kitu."

Mama Kipaza alijua kwamba ndivyo ingekuwa. Aliiona jioni ile yote, chakula mezani, binti yake ameiinamia sahani, kimya, na jioni nyingine kama hiyo, na nyingine. Alikuwa amebakiza kidogo tu aipate. Akajishika kwenye sanduku.

Waendesha baiskeli wa mwisho walipita, wamechoka, wanacheka. Polisi akageuka na kuyapungia magari. Dereva wa basi, ambaye alikuwa akiwaona kwenye kioo muda wote huo, alipiga honi, na kondakta akafungua mlango.

"Anayepanda apande! Sisi tuna mwito mmoja siku hizi!"

Mama Kipaza alilinyanyua sanduku peke yake, sijui nguvu alizitoa wapi, akalisukumiza mlangoni. Akamgeuza binti yake kwa mabega, akamwelekeza kwenye ngazi.

"Nenda," alisema. "Nimesema nenda. Nataka uende, mwanangu, unanisikia? Na ukifika usinipigie simu leo, nitalia."

"Utalia hata nisipopiga."

"Nenda bwana!"

Sisimizi akacheka katikati ya machozi, akapanda. Basi lilizunguka mzunguko mara moja, likashika njia ya kutoka mjini, mkono wake ukipunga dirishani mpaka malori yakaliziba.

Mama Kipaza alibaki amesimama peku kwenye lami, mikono kiunoni. Kisha akalia. Hakulia kwa kujificha. Alilia kwa ile sauti yake yote iliyozoea kufika mwisho wa stendi, mdomo wazi, katikati ya njia. Magari ya nyuma yakaanza kupiga honi. Polisi alipuliza filimbi, akamwendea hatua kadhaa, akamwona vizuri, akaishusha filimbi. Akawageukia madereva, akainua mkono, akawazuia mpaka mama wa watu amalize.