Tarehe ya Orpha Teasley

Shangazi yangu Birdie alimpigia chapa Bwana Lucian Harbison vitabu sita. Wasomi wanaofunga safari hadi huku Alabama kupiga picha nyumba ya huyo mwandishi hawajawahi kuuliza hata jina la Shangazi, na mimi hilo linanichefua. Kila neno wanalolisifu lilipita kwenye vidole vyake, jikoni, juu ya meza ileile aliyokandia unga.

Harbison alikuwa na tabia moja: majina ya watu wa hadithi zake aliyaokota makaburini, nyuma ya kanisa la Shady Fork. Asubuhi utamwona na daftari lake, anainamia jiwe hili, anahamia lile. "Wafu hawashtaki," alikuwa akisema, kisha anacheka peke yake.

Sasa huku kwetu mume akifa, jiwe huchongwa la wawili. Jina la mjane huwekwa kando ya la mumewe, na mwaka aliozaliwa, halafu kistari, halafu nafasi tupu. Clovis, mume wa Shangazi, alipofariki, Shangazi naye akachongewa: Orpha Teasley, 1898, kistari. Hilo jina la Orpha lilibaki la jiwe na la Biblia ya ukoo. Mji mzima ulimwita Birdie.

Mei ya 1957, nikiwa na miaka ishirini, nilimkuta amekaa jikoni, mikono mapajani, mashine ya kupigia chapa kimya. Akanisukumia ukurasa wa mwisho wa kitabu kipya, mwandiko wa Harbison. Nikasoma: "Orpha Teasley alikata roho Jumapili, tarehe kumi na tisa Mei."

Mwaka hakuandika. Nikatazama kalenda ukutani. Tarehe kumi na tisa ilikuwa Jumapili, wiki mbili mbele, siku yetu ya kupamba makaburi na kula pamoja hukohuko.

"Shangazi, si hadithi tu hii?"

"Watu wa vitabu vyake thelathini na saba nimewapiga chapa wakafa, mwanangu. Kabla sijawapiga, aliweza kuwafuta akawarudisha. Nikishapiga, basi, imekwisha."

Nilitaka kumcheka, nikashindwa. Mlango ukagongwa, akaingia Harbison mwenyewe.

"Birdie, ukurasa wangu uko wapi? Posta wanafunga."

"Huyu Orpha ni nani, bwana?"

"Ah, marehemu mmoja pale makaburini. Jiwe lake halijamaliziwa, maskini, nadhani hana ndugu. Nimemmalizia mimi."

Miaka kumi na moja alikuwa akinywa kahawa ya huyo maskini! Nilifungua mdomo, Shangazi akanikanyaga mguu. Akageukia mashine, akapiga sentensi yote, na palipokuwa na siku na tarehe akaacha nafasi tupu, kama kwenye jiwe. Harbison akaikunja karatasi bila kuisoma, akaondoka.

Kitabu kikatoka hivyo hivyo. Wakubwa wa mjini wakasema ile nafasi tupu ni kipaji cha ajabu, wakampa nishani, naye akaipokea bila haya. Shangazi, ile Jumapili, alikula vipande viwili vya pai ya pichi juu ya kaburi lake mwenyewe, akacheka hadi machozi. Nikajua yamekwisha.

Hayakwisha. Mwaka wa 1963 daktari alimfunika shuka usoni. Akaifunua, akaomba kahawa. Nyumba iliungua naye akiwa ndani, tukamkuta amekaa kitandani, majivu kichwani, amepakata Biblia na mashine yake. Harbison akafa. Wana wawili wa Shangazi wakafa, wazee, meno yamewaisha. Yeye akabaki, haoni, mwepesi kama kapu tupu, usiku na mchana anauliza nani kafa leo.

Mei hii ametimiza miaka mia na minne. Jana nilikuwa nakaanga kuku wa kupeleka makaburini.

"Kesho tarehe kumi na tisa?" akauliza.

"Ndiyo, Shangazi."

"Na ni Jumapili."

Nikageuza kuku kwenye mafuta.

"Uko kwenye Biblia, ule ukurasa wa mkono wa Harbison. Niliuficha. Lete na mashine."

"Sitaki, Shangazi. Usinifanyie hivyo."

"Usiniletee utoto. Watu wangu wote wako kule. Nimechoka, mwanangu, nimechoka mno."

Nikazima jiko. Nikaweka karatasi kwenye mashine. Sijawahi kujifunza kupiga chapa, na machozi hayakuniacha nione, kwa hiyo akanitajia herufi moja moja, polepole, nisije nikakosea tarehe.