Kompyuta Iliyonivalisha Viatu

Kazi yangu niliipenda kwa sababu haikunitoa nyumbani Kinanira. Kila asubuhi kompyuta ilituma yenyewe ujumbe kwa wateja: mzigo wako umefika bandarini. Mi nilipanga saa ya kutuma tu, nikanywa chai.

Umeme ukakatika siku kadhaa. Uliporudi, kompyuta ikatuma kwa mkupuo kila ujumbe iliokosa, na watu waliokwisha kujichukulia mizigo yao wakajazana bandarini wakidhani imefika mingine. Nikaizuia isifidie tena ujumbe uliopitwa. Umeme ulipokatika mara ya pili, ukarudi, haikutuma kitu, mizigo ikalala. Mashine gani hii, ama ipayuke ama iwe bubu?

Patroni, bosi wangu, akapiga simu: "We, kuanzia kesho utawaambia mwenyewe, huku bandarini."

Mke wangu akacheka: "Viatu unavyo, baba?"

Tulivikuta uvunguni, kimoja kimezaa buibui.